‘Ni homa tu’: Kauli inayowagharimu vijana Homa Bay na Migori

MUULIZE kijana yeyote anayekohoa pale steji ya bodaboda mjini Rongo au Oyugis kama yuko sawa, na jibu ni lile lile: “Ni homa tu, bana.” Atafunga jaketi hadi shingoni, atapiga chai ya tangawizi, kisha atarudi kwa nduthi kusaka abiria. Siku tatu nne zikipita yuko fiti na hadithi inaishia hapo.

Mara nyingi huwa anasema ukweli. Kuna aina zaidi ya 200 za virusi vinavyoleta mafua, na mwili wenye nguvu huvimaliza wenyewe bila daktari. Shida ni ile mara moja ambapo si homa tu. Mara hiyo virusi hushuka kutoka puani hadi mapafuni, na anayekosa pumzi si lazima awe guka wa miaka 80. Anaweza kuwa msee wa miaka 24 ambaye wiki jana alikuwa uwanjani akipiga mpira dakika 90.

Tumezoea kuambiwa kwamba magonjwa haya huwaua wazee na wenye maradhi sugu. Ni kweli kwamba wao ndio walio katika hatari kubwa zaidi. Lakini katika kaunti mbili za Homa Bay na Migori, afya njema ya kijana imegeuka sababu ya kuchelewa. Na kwa ugonjwa wa mapafu, mara nyingi kuchelewa ndiko kunakoua.

Tulichokiona Juni 2021

Turudi nyuma kidogo. Mapema Mei 2021, aina ya virusi vya corona ambayo baadaye Shirika la Afya Duniani (WHO) liliipa jina Delta ilithibitishwa Kisumu. Ilikuwa imegunduliwa kwanza India, nchi ambayo Aprili mwaka huo dunia nzima iliona watu wake wakihangaika barabarani wakitafuta mitungi ya oksijeni. Juni 1, sherehe za kitaifa za Madaraka zikafanyika papo hapo Kisumu.

Juni 17, aliyekuwa Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akatangaza kaunti 13 za magharibi na ukanda wa ziwa kuwa eneo hatari. Homa Bay na Migori zilikuwa ndani, pamoja na Kisumu, Siaya, Busia, Vihiga, Kisii, Nyamira, Kakamega, Kericho, Bomet, Bungoma na Trans Nzoia. Kafyu ikaanza saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Maiti zikatakiwa kuzikwa ndani ya saa 72, waombolezaji wasizidi 50.

Kwa mtu wa Nairobi hiyo ilikuwa taarifa ya habari tu. Kwa kijana wa Homa Bay, kafyu ya saa moja ilimaanisha mwisho wa biashara ya jioni, kuanzia samaki wa kukaanga hadi vibanda vya chipsi na abiria wa mwisho wa bodaboda. Na kwa jamii ambayo huomboleza kwa siku kadhaa, saa 72 ni kama kuambiwa mzike mtu wenu mkikimbia.

Lawama nyingi zikaangukia matanga na disko matanga. Sitetei mikusanyiko. Virusi vinavyosambaa kwa hewa hupenda sana sehemu iliyojaa watu wanaoimba na kulia karibu karibu. Lakini simulizi hiyo iliwafanya vijana waonekane kama wabebaji tu, watu wanaowapelekea nyanya zao ugonjwa huku wao wenyewe wakiwa salama. Hakuna aliyewaambia waziwazi kwamba nao pia wanaweza kuishia kwenye mashine ya oksijeni.

Na ngao ya chanjo hawakuwa nayo. Kenya ilikuwa imepokea dozi milioni moja na ushee za AstraZeneca Machi 3, 2021, kisha India ikabana mauzo ya nje na mzigo ukakauka. Foleni ilianza na wahudumu wa afya, walimu, polisi na waliotimiza miaka 58. Mpangilio huo ulikuwa na mantiki, kwa sababu dozi zilikuwa chache. Ila Delta ilipofika ziwani, kijana wa miaka 22 hakuwa hata na namba kwenye foleni.

Dunia ilishaona haya

Kama unadhani corona ndiyo iliyoanzisha mtindo wa kuwashika wenye nguvu, cheki historia.

Homa kali ya mwaka 1918 iliingia Kenya kupitia bandari ya Mombasa, ikasafiri na reli na watu waliokuwa wakirejea kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia. Nyanza ilikuwa imetoa wapagazi wengi kwa vita hivyo. Ajabu ya homa ile, kote duniani, ni kwamba iliua sana watu wa kati ya miaka 20 na 40, walio katika kilele cha nguvu zao.

Mwaka 2007, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa ripoti kuhusu adenovirusi aina ya 14. Adenovirusi ni jamii ya virusi ambavyo kwa kawaida huleta mafua, macho mekundu na koo kuuma, basi. Lakini aina hii ilikuwa imewapata watu wapatao 140 katika majimbo manne na kuua takriban 10. Miongoni mwa waliougua walikuwemo makurutu wa jeshi la anga katika kambi ya Lackland, Texas. Makurutu, yaani vijana waliopimwa na madaktari, wakakimbizwa mbio na kuthibitishwa kuwa wako fiti. Mtoto mchanga wa New York aliyezaliwa bila tatizo lolote naye alifariki.

Miaka miwili baadaye ikaja homa ya nguruwe, H1N1. Je, unakumbuka kisa cha kwanza Kenya kilithibitishwa wapi? Kisumu, mwishoni mwa Juni 2009, kwa mwanafunzi wa Uingereza aliyekuwa amekuja na kundi la wenzake wanaosomea udaktari. H1N1 nayo iliwaonea vijana na watoto kuliko wazee wengi, kwa sababu baadhi ya wazee walikuwa wamewahi kukutana na virusi vinavyofanana nayo miaka mingi iliyopita.

Hapo ndipo penye siri. Misuli ni kitu kimoja na kumbukumbu ya kinga ni kitu kingine. Kinga ya mwili hufanya kazi kama askari wa mtaa. Ikiwa inamjua mwizi, inamkamata mlangoni. Ikikutana na sura ngeni, inachukua siku kadhaa kujipanga, na wakati mwingine inashambulia kwa pupa hadi inaharibu nyumba yenyewe. Mapafu yanavimba na kujaa majimaji. Kijana mwenye kinga kali anaweza kuumizwa na vita vyake mwenyewe.

Neno moja, magonjwa kumi

Sasa turudi kwenye lile neno. Ukivuka mpaka pale Isebania ukaingia Sirare, upande wa Tanzania, ukimwambia mtu una homa ataelewa kwamba mwili wako una joto. Upande wa Kenya, mtu huyo huyo ataelewa una mafua. Halafu kuna homa ya mapafu ambayo ni nimonia, homa ya matumbo, homa ya uti wa mgongo, homa ya nguruwe. Zote homa. Nyingine hupona kwa limau na usingizi, nyingine huhitaji wodi siku hiyo hiyo.

Katika ukanda wa ziwa kuna mkanganyiko mwingine juu ya huo. Hapa homa ya kwanza kufikiriwa ni malaria, na si bila sababu. Utafiti wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2020 ulikuta asilimia 19 ya watoto waliopimwa ukanda huu wana vimelea, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 6. Ndiyo maana chanjo ya malaria nchini ilizinduliwa Ndhiwa, Homa Bay, Septemba 2019.

Kwa hivyo kijana akipata joto, viungo kuuma na kichwa kugonga, safari yake ni fupi. Anaingia kemisti, anaeleza dalili, anatoka na dawa za malaria, za maumivu na pengine vidonge kadhaa vya antibiotiki. Hakupimwa. Antibiotiki haziui virusi, na dawa ya malaria haizibui mapafu. Lakini amemeza kitu, kwa hivyo anajipa siku tatu aone kama dawa itafanya kazi. Siku hizo tatu ndizo nyumba inawaka moto huku mwenyewe akisubiri maji yachemke.

Hata aliyepimwa hajatoka msituni. Sehemu yenye malaria nyingi, mtu mzima anaweza kutembea na vimelea kidogo damuni bila kuugua. Kipimo kikisema ana malaria, wote wanatulia, na hakuna anayeuliza kuhusu kifua. Unaweza kuwa na malaria na nimonia kwa wakati mmoja.

Mwili wa kijana hudanganya

Kuna jambo lingine ambalo wauguzi wanalijua vizuri ila sisi mtaani hatulisemi. Mwili wa kijana una akiba kubwa. Oksijeni ikianza kupungua, moyo huongeza kasi, pumzi huenda haraka, na mwenyewe bado anaongea na kuchezea simu. Wakati wa corona, madaktari duniani kote walikutana na wagonjwa waliokuwa na oksijeni ya chini mno lakini wakisema wanajisikia poa. Akiba hiyo ikiisha, mtu haporomoki polepole. Anaanguka ghafla.

Ndio maana kile kidude kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni ni muhimu kuliko kipima joto. Kwa mtu mwenye afya, namba hukaa 95 au zaidi. Ikiwa 94 kushuka chini, nenda kituo cha afya. Chini ya 90 ni dharura, na huhitaji ushauri wa mtu mwingine.

Tahadhari moja. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kwamba vifaa hivi vinaweza kusoma juu kuliko hali halisi kwa watu wenye ngozi nyeusi. Kwa hivyo kikisoma 93 au 94 na wewe unahema kama umepanda Mlima Homa mbio, amini kifua chako kabla ya kuamini kioo.

Na kama hakuna kidude? Hesabu pumzi zako kwa dakika nzima ukiwa umeketi. Zikizidi 30, hiyo si homa tu. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta hewa, kifua kikibana, midomo au kucha zikiwa na rangi ya kijivu au samawati, au ukianza kuchanganyikiwa, twende. Vilevile ukipata nafuu kisha joto likarudi kwa nguvu siku ya tano au ya saba. Nafuu ya uongo imewaponza wengi.

‘Mwenye afya’ ni nani hasa?

Tukiwa wakweli, neno “mwenye afya” huku kwetu mara nyingi humaanisha “ambaye hajapimwa.” Nyatike, kule Macalder, vijana huingia mashimo ya dhahabu na kusaga mawe. Vumbi la mawe hayo hukaa mapafuni, na huharibu miaka mingi kabla ya mtu kukohoa. Ufuoni, dada zetu hukausha na kukaanga samaki juu ya moshi wa kuni kutwa nzima. Kutoka nje wako fiti. Ndani, kifua kimeshaanza kuchoka.

Kuna pia suala la HIV, ambalo hatuwezi kulipita kimya. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta Homa Bay ikiongoza nchini kwa asilimia 19.6. Anayemeza dawa kila siku na kudhibiti virusi ana uwezo mzuri wa kupambana na magonjwa mengine. Aliye hatarini ni yule asiyejua hali yake, anayejiita mzima kwa sababu hajawahi kuuliza. Aibu ya kupimwa kitu kimoja humfanya akwepe hospitali hata kwa kitu kingine.

Hewa iko wapi?

Tuseme sasa kijana amejua. Amehesabu pumzi, ameona mambo ni mabaya. Anaenda wapi?

Kama yuko mjini Homa Bay au Migori, hospitali ya rufaa ya kaunti haiko mbali. Lakini kama yuko kisiwa cha Mfangano, lazima apate boti kwanza, na ziwa lisiwe limechafuka. Kama yuko Muhuru Bay usiku, ni nduthi au gari la kukodi. Zahanati iliyo karibu huenda ikawa na muuguzi mzuri sana, ila muuguzi hawezi kumpulizia mtu oksijeni kwa mdomo.

Katikati ya 2020, aliyekuwa Rais Uhuru Kenyatta alizitaka kaunti zote ziwe na vitanda 300 vya kutenga wagonjwa wa corona. Magavana wakakimbizana kuonyesha vitanda mbele ya kamera. Lakini kitanda bila oksijeni ni godoro tu. Delta ilipofika mwaka uliofuata, kilichohesabiwa wodini kilikuwa mitungi.

Na haikuwa lazima iwe muujiza kutoka ng’ambo. Jirani tu, Siaya, kampuni ya Hewatele iliyoanzishwa na Dkt Bernard Olayo ilikuwa imeanza kutengeneza oksijeni miaka kadhaa kabla ya corona. Mitambo ya aina hiyo huvuta hewa ya kawaida, huchuja naitrojeni na kubakiza oksijeni. Malighafi ni hewa tunayopumua bure. Kinachohitajika ni umeme usiokatika, fundi anayejua kazi, vipuri, na bajeti ya kila mwaka. Hayo manne ndiyo huwa yanasahaulika utepe ukishakatwa na picha zikishapigwa.

Afya imekuwa kazi ya kaunti tangu ugatuzi uanze 2013. Kwa hivyo swali hili si la Nairobi. Ni la bunge la kaunti na gavana. Na limekuwa la dharura zaidi tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kisha USAID ikafungwa rasmi Julai 1 mwaka huo. Ukanda huu ulikuwa umeegemea sana mifuko hiyo kwa HIV, malaria na utafiti. Hata kazi ya kufuatilia virusi vya mapafu, kama ile ya Asembo kule Siaya, imefanywa kwa miaka mingi na KEMRI ikishirikiana na CDC ya Marekani. Wahenga walishasema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Cha kufanya kabla ya wimbi lingine

Kuna mambo madogo ambayo hayangoji serikali. Kundi la bodaboda lenye chama cha kuweka akiba linaweza kununua kidude kimoja cha kupima oksijeni na kukiweka stejini. Kijana anayekohoa anaweza kufunika mdomo na kukaa mbali na nyanya yake kwa siku chache bila kuonekana muoga. Mwenye homa anaweza kudai apimwe malaria kabla ya kumeza dawa, na kipimo kikikosa kuonyesha kitu aulize, “Basi ni nini?” Swali hilo moja humlazimu mhudumu kuweka sikio kifuani.

Jisajili pia na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 1, 2024. Kujisajili ni bure, na huduma za zahanati na vituo vya afya zimepangwa kulipiwa na serikali kwa waliosajiliwa. Ukihitaji kulazwa hospitali kubwa, michango yako lazima iwe imelipwa. Vijana wengi husubiri waugue ndipo waanze kutafuta simu iliyosajiliwa kwa jina lao. Wakati huo kila dakika ni ya kulipia.

Lakini mambo makubwa tuyadai hadharani. Kikao cha kukusanya maoni ya bajeti ya kaunti kikiitishwa, mara nyingi vijana tuko kwa base tukisema mambo yao hayatuhusu. Twende tukaulize maswali manne tu. Ni zahanati ngapi katika wadi hii zina kifaa cha kupima oksijeni kinachofanya kazi? Mtambo wa oksijeni wa hospitali ya kaunti ulizimika mara ngapi mwaka huu? Umeme ukipotea, jenereta ina mafuta? Na mgonjwa akitoka Mfangano au Muhuru Bay usiku, nani anamleta?

Mwakilishi wa wadi anayekosa majibu ya maswali hayo ana bahati kwamba bado ni kikao cha bajeti. Wimbi lingine likija, na historia inaonyesha huwa linakuja, maswali ni hayo hayo, ila yataulizwa na mama aliyeshika mkono wa mwanawe nje ya wodi. Wimbi hilo halitamuuliza mtu umri wake wala mabao aliyofunga Jumapili. Litategemea tu mambo mawili: alichukua muda gani kukubali kwamba anaumwa, na alikuta nini alipofika hospitali. La kwanza liko mikononi mwetu. La pili tunalilipia kodi.